Kabla ya kulaumu iafoni, angalia ilivyokaa sikioni

Nilibaki kidogo tu kurudisha dukani iafoni niliyokuwa nimenunua jana yake. Mimi hupiga gitaa la besi kanisani huku Kasarani, na siku hizi wengi wetu tumeacha spika za jukwaani. Tunajisikiliza kwa iafoni za kuziba sikio, zile ambazo waya wake hupita juu ya sikio na kushukia nyuma. Asubuhi hiyo kwenye mazoezi kinanda nilikisikia, waimbaji niliwasikia, lakini besi yangu mwenyewe haikuwepo. Nikamwomba fundi wa mitambo anipandishie. Akapandisha mpaka akasema hana tena pa kufika. Nikaamini nimeuziwa takataka.

Mpiga ngoma wetu ndiye aliyeona. "Ndugu, mbona hiyo ya kushoto inaning'inia?" Akachukua pakiti, akatoa vipira vikubwa vya kuvalisha mdomo wa iafoni ambavyo sikuwa nimevigusa, akabadilisha kimoja tu, cha kushoto. Nikagusa uzi mnene, na besi ikaja yote, nzito na ya mviringo, hata nikamwashiria fundi ateremshe.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza iafoni gani ya bei nafuu ina sauti nzuri, namuuliza kwanza masikio yake yako vipi. Sauti nzito huhitaji hewa iliyofungiwa kati ya iafoni na ngoma ya sikio. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na sauti za chini namna hiyo ndizo za kwanza kuvuja panapokuwa na upenyo mdogo. Sauti za juu hubaki. Ndiyo maana iafoni iliyokaa vibaya husikika nyembamba na kali, na mwenyewe huenda akailaumu kwa kosa la kipira cha mpira.

Masikio yako mawili si lazima yalingane. Mimi kushoto navaa kipira kikubwa, kulia cha wastani, na sioni haya. Ukiivaa, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, isukume taratibu, kisha useme neno moja kwa sauti. Ikiwa imeziba sawasawa, utasikia sauti yako imekuwa nzito, kana kwamba unasemea ndani ya mtungi. Vikikushinda vipira vya kawaida, kuna vya sponji ambavyo unavifinya halafu vinajitanua ndani ya sikio. Huziba vizuri sana, ila hulainisha kidogo sauti za juu na huchakaa upesi.

Umbo la ganda la iafoni nalo usilipime kwa dakika moja ya dukani. Pembe ndogo isiyokusumbua sasa, baada ya nusu saa itakuwa imekuchoma. Ganda la chuma hupendeza na ni imara, lakini lina uzito, na asubuhi ya Julai Nairobi utaihisi baridi yake. Mdomo unaoingia sikioni ukiwa mnene kupita kiasi, hakuna kipira kitakachokusaidia.

Kwenye waya mimi nina msimamo mkali: nunua wenye kuchomoka. Iafoni ya bei nafuu iitwayo Moondrop Chu, ile ya kwanza iliyotoka 2022, ilikuwa na waya wa moja kwa moja; waya ukikatika, kazi imekwisha. Chu II ikaja na waya unaochomoka, na hilo peke yake kwangu linatosha kuipa nafasi ya mbele. Nyingi za bei hii hutumia pini mbili za milimita 0.78. Angalia tu zisiingie kinyume upande mmoja. Niliwahi kununua waya wa pili kwenye kibanda fulani katikati ya mji, nikauchomeka vibaya kulia, na sauti ya mwimbaji ikatawanyika, haikukaa tena katikati ya kichwa. Upande mmoja ulikuwa ukisukuma hewa huku ule wa pili ukiivuta. Nikageuza pini, mwimbaji akarudi mahali pake.

Sasa sauti yenyewe. Ukienda Luthuli Avenue, muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi nyingi, apandishe sauti, na kukwambia, "Bosi, skiza hiyo!" Usichague hapo. Kelele za barabarani humeza besi, kwa hiyo utaipenda ile iliyozidisha, halafu usiku nyumbani kwenye utulivu ikuchoshe. Tena ukilinganisha mbili, ile inayopiga kwa nguvu zaidi huonekana bora hata kama si bora. Sawazisha kiwango cha sauti kwanza, ndipo uamue.

Wala usihesabu spika ndogo zilizo ndani ya iafoni. Spika moja ya milimita 10 iliyopangwa vyema huzishinda nne zinazogombana. Na boksi likikuahidi hezi 40,000, yaani mitetemo 40,000 kwa sekunde, kumbuka sikio la binadamu, hata la kijana, huishia karibu na 20,000.

Mimi hujaribu kwa benga. Nasikiliza gitaa la besi peke yake wimbo mzima, kisha narudia nikifuata gitaa la solo peke yake. Nikiweza kufuata kila moja bila kukaza akili, iafoni hiyo ina usafi. Kisha naweka mtangazaji wa redio. "Sasa ni saa sita" ni kipimo kizuri ajabu: hizo s zikikudunga kama sindano, sauti kati ya hezi 5,000 na 8,000 zimezidishwa, na hutaivumilia safari nzima ya Rongai.

Simu yako ikiwa haina tundu la milimita 3.5, weka kwenye hesabu bei ya adapta ya USB-C. Iafoni nyingi za aina hii hazihitaji nguvu nyingi ya umeme, adapta ndogo inatosha. Na iafoni ikiziba vizuri, ndani ya matatu hutahitaji kushindana na muziki wa dereva. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua haraka. Sisi tunaopiga muziki tunayahitaji masikio haya hata uzeeni.

Kipimo changu cha mwisho hakina muziki. Nilimrekodi mama kwa simu akiwa jikoni akichambua maharagwe, dakika mbili tu, akinisimulia habari za jirani. Sauti yake naijua kuliko wimbo wowote. Kuna iafoni zinazomfanya aonekane ana mafua, nyingine anaongea kama yuko ndani ya pipa. Hii ninayotumia sasa, iliyonigharimu chini ya shilingi 4,000, nikifumba macho nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kucheka, na maharagwe yakidondoka kwenye sufuria upande wa kulia.