Maswali na Majibu: Taa Imekaa Juu ya Trasi, Lakini Je, Imefungwa?

Wasomaji wa Lamu na Malindi wameniandikia sana kuhusu kuchora majukwaa kwenye kompyuta, na karibu wote wamekwama pahali pamoja: pale kifaa kinapoangikwa kwenye trasi, ile fremu ndefu ya mirija inayobeba taa na spika. Wengi wanatumia Vectorworks Spotlight, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka humo. Anayetumia programu nyingine atakuta vitufe tofauti, lakini uzito ni ule ule.

Asalaam aleikum mwalimu. Nimepanga taa 12 kwenye trasi na zimekaa sawa kabisa. Nikiisogeza trasi, taa zinabaki zilipokuwa. Tatizo liko wapi? (Fundi wa taa, Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Taa zako ziko karibu na trasi, hazijafungwa. Bila shaka ulizipanga ukiitazama kazi kutoka juu, na kutoka juu kila kitu huonekana kimekaa pahali pake. Geuza mwonekano uwe wa ubavuni. Huenda ukakuta trasi iko mita 5 hewani na taa zimelala sakafuni, kwenye kimo cha sifuri.

Unapoweka taa, peleka kishale hadi kwenye trasi yenyewe na usibofye mpaka trasi ibadilike rangi. Hapo ndipo programu inaposema imekubali kuibeba. Kwa zile ulizokwisha kuziweka, njia ya hakika ni kuziweka upya. Kisha isogeze trasi nusu mita, igeuze kidogo, utazame. Zikifuata zote 12, zimefungwa. Ikibaki hata moja, hiyo haimo kwenye hesabu ya uzito, na hili ndilo linalonisumbua kuliko sura ya mchoro. Tuseme kila taa ni kilo 20: ukiwa na 12 zinazoelea, kilo 240 zimepotea, na trasi itakuonyesha kwamba ni nyepesi wakati si nyepesi.

Taa zangu zimefungwa na zinasogea pamoja na trasi, lakini ripoti inasema mzigo wa taa ni kilo 0. (Maweni, Malindi)

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kompyuta nayo haitokwi jasho kwa mzigo wako. Inajua uzito ulioandikwa ndani ya simboli, yaani mchoro wa taa ulio tayari unaouweka kwenye kazi yako, basi. Simboli nyingi zinazozunguka mitandaoni zilichorwa kwa ajili ya sura tu, na pale pa uzito pameachwa wazi. Fungua taarifa za taa hiyo uandike uzito uliomo kwenye kibandiko cha mtengenezaji, nyuma au chini ya taa. Kibandiko kimefutika? Ipime kwa mizani. Mizani ya dukani inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Halafu ongeza vile ambavyo watu husahau: klampu, waya wa usalama, na hasa kebo. Kebo nene ya umeme iliyolazwa juu ya trasi kutoka ncha hadi ncha ni mzigo wa kweli, na mafungu kadhaa ya kebo yanaweza kuzidi uzito wa taa kadhaa. Mimi huichora kebo kama mzigo uliotawanyika, sawa na kitu kingine chochote.

Na trasi yenyewe itoke kwenye maktaba yenye takwimu za mtengenezaji. Braceworks, kile chombo cha Vectorworks cha kukokotoa mizigo, hakiwezi kuhesabu trasi uliyoichora mwenyewe kwa mirija minne na vijiti vya pembeni, hata kama imependeza namna gani.

Trasi yangu ya mita 12, pamoja na vyote vilivyofungwa, ni kilo 400, na mzigo umetawanyika sawasawa. Nina winchi tatu za mnyororo za kilo 250 kila moja, mbili kwenye ncha na moja katikati. Nimegawa kwa tatu nikapata 133. Programu inasema ya katikati ina 250. Nani mkweli? (Mpangaji wa sherehe, Malindi)

Programu. Nakuomba dada yangu usome jibu hili pamoja na kijana anayekufungia winchi.

Fikiria watu watatu wamejitwika mlingoti begani, wawili nchani na mmoja katikati. Wa nchani anapata mzigo wa upande mmoja tu. Wa katikati anaupata kutoka pande zote mbili. Kwa trasi iliyonyooka, yenye mzigo uliotawanyika na winchi tatu zenye nafasi sawa, winchi ya katikati hubeba sehemu 5 kati ya 8 za mzigo wote, na kila ya nchani sehemu 1.5 kati ya 8. Kwa kilo 400 hiyo ni 250 katikati na 75 kila ncha. Yaani winchi yako ya katikati imefika mwisho wa uwezo wake kabla hujaning'iniza hata puto moja.

Tena hizo ni hesabu za trasi iliyo sawa kabisa. Ile ya katikati ikivutwa juu kidogo kuliko wenzake, inazidi 250. Ikilegea, mambo ni mabaya kwa namna nyingine: ncha zinabeba 200 kila moja, ambazo winchi zinaziweza, lakini trasi sasa imeruka mita 12 bila nguzo ya kati, na nguvu inayoikunja imepanda mara 4. Winchi tatu zikipandishwa kwa macho, huwezi kujua uko wapi kati ya hali hizo mbili. Ndiyo maana wafungaji makini huweka kipima-mzigo juu ya kila winchi.

Kwa kazi yako: katikati weka winchi ya kilo 500, au zisogeze zile za nchani kuelekea ndani kisha uiache programu ikokotoe tena. Mnyororo wa winchi ufike kwenye trasi pale vijiti vya pembeni vinapokutana na mrija mkuu, usiwe katikati ya mrija mtupu. Na dari inayobeba winchi inabeba pia uzito wa winchi na mnyororo wake.

Chati ya trasi inasema kilo 400. Spika zangu ni kilo 300 na zote ziko katikati. Niko salama? (Lamu)

Hapana, ikiwa 400 ni ya mzigo uliotawanyika. Uzito ule ule ukiwekwa wote katikati huikunja trasi mara 2 zaidi. Soma safu ya mzigo wa pahali pamoja kwenye chati hiyo hiyo, na uzichore spika pale zitakapokaa kweli.

Ukumbi wa hoteli ni wa makuti na paa liko chini. Nimechora mikanda miwili kutoka nguzo mbili za juu, inakutana kwenye winchi moja. Programu imegeuka nyekundu, ingawa mzigo ni kilo 100 tu. (Fundi, Malindi)

Ni pembe, mwanangu. Mikanda miwili ikikutana kwa pembe ya nyuzi 60, kila mmoja unavutwa kwa kilo 58. Kwa nyuzi 90 ni 71. Kwa 120 kila mkanda unavutwa kwa kilo 100 kamili, na kwa 150 ni karibu 193. Paa likiwa chini mtu hutanua mikanda ili winchi isishuke sana, na kila anapotanua anaongeza mzigo. Zaidi ya hapo, mikanda hiyo inazivuta nguzo zikaribiane. Nguzo za mvinje na boriti za paa la makuti zilifungwa kubeba makuti na kukabili upepo, na hakuna chati ya mtengenezaji utakayoiandika kwenye programu kwa ajili yake. Achana na paa. Simamisha trasi juu ya miguu yake sakafuni.

Je, naweza kufunga taa chache kwenye boriti za dari katika nyumba ya zamani, kwa ajili ya harusi? Nimeichora nyumba yote vizuri. (Mkomani, Lamu)

Usifunge. Dari hiyo tayari imebeba mawe ya matumbawe na chokaa, na umri wa boriti hauonekani kwa nje. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kutoboa au kukaza chuma kwenye jengo lake si shauri la mwenye harusi na fundi wake peke yao.

Lakini mchoro wako utakufaa kwa jambo jingine. Upana wa vyumba vile ulifuata urefu wa boriti, karibu mita 2.5 hadi 3, na kuingia ndani unapita kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, na kona zake. Kipande cha trasi cha mita 3 hakigeuki humo. Kila kitu kimevuka kwa boti kutoka Mokowe, kisha kikapita vichochoroni kwa punda au mkokoteni. Basi chora kwa vipande vya mita 1 tangu mwanzo, uhesabu uzito wa viungo vyake vya ziada, na uvipitishe mlangoni kwenye kompyuta kabla ya kuvipakia botini.

Nikituma mchoro kwa mtu wa taa anayetumia programu nyingine, vifungo vitabaki? (Malindi)

Tuma kwa faili ya MVR, aina ya faili ya kuhamisha mchoro mzima kati ya programu tofauti. Hubeba mahali pa vifaa pamoja na faili zao za GDTF zinazoeleza kila kifaa, muundo ulioanzishwa na kampuni za MA Lighting, Robe na Vectorworks, ukawa kiwango cha Ujerumani cha DIN SPEC 15800 mwaka 2020. Mahali patabaki. Vifungo usivitegemee: mwambie asogeze trasi moja upande wake atazame.

Tuna jukwaa la wazi ufukoni mwezi wa Julai, na bango la mita 4 kwa 3 nyuma yake. Programu imeonyesha kila kitu ni kijani. (Kamati ya sherehe, Lamu)

Kijani hicho ni cha mzigo unaovuta kwenda chini. Upepo unasukuma kwa ubavu, na Julai ni kusi. Kwenye bango la mita za mraba 12, upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 75 hivi. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, nguvu ni kama kilo 300, kwa sababu kasi ikiwa mara 2 nguvu huwa mara 4. Kwenye ripoti yako bango hilo limeandikwa kilo ngapi? Huenda kumi.

Mpeni mhandisi mchoro huo akokotoe upepo na uzito wa kushikilia miguu ya jukwaa. Bango liwe la wavu unaopitisha hewa, na lifungwe kwa namna ambayo watu wawili wanaweza kuliteremsha kwa dakika chache. Nunueni kipima-upepo kidogo cha mkononi. Mhandisi awape kasi ambayo ikifikiwa bango linashuka, na nyingine ambayo watu wote wanaondoka chini ya trasi. Namba hizo ziandikwe juu ya mchoro, pamoja na jina la mtu mmoja mwenye idhini ya kusimamisha shughuli bila kumuuliza mwenye sherehe.