Usivushe viporo vya mwaka jana: mimi nimekwisha kulipia kosa hilo

Futa hayo manane. Nasema hivyo kabla ya salamu, na utanisamehe, kwa sababu nimesoma mada yako mara mbili na mara zote mbili nimejiona mimi mwenyewe nikiwa nimeketi mezani na rula na kalamu za rangi nne. Umeandika kwamba mwaka huu ulivurugwa na ugonjwa nyumbani na kazi iliyosimama kwa miezi kadhaa, kwamba katika malengo kumi uliyojiwekea umetimiza mawili, na kwamba sasa unataka kuyahamishia mwaka ujao yale manane yaliyobaki, uongeze na matano mapya, "ili kufidia muda uliopotea". Kisha ukauliza kama uyaandike kwenye daftari au kwenye simu, kama uwatangazie rafiki zako, na uanze na lipi. Hayo maswali mengine nitayajibu nikiyakumbuka. Lililoniondolea usingizi ni hilo neno kufidia.

Mwaka wangu mimi ulivurugika mwezi Machi, mama alipopata kiharusi kilichomwacha na mguu wa kulia usiomtii. Nilikuwa na malengo kumi na mawili yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, na kufikia Desemba nilikuwa nimetimiza matatu, mojawapo likiwa ni kung'oa jino, ambalo kusema kweli lilijitimiza lenyewe kwa maumivu. Basi mwisho wa mwaka nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu ni mteja rahisi. Nililipia semina ya siku moja ya mkufunzi wa malengo, bwana mwenye sauti nzuri na saa kubwa ya mkononi, ambaye alisimama mbele yetu akatamka kwamba mwaka uliopotea ni deni, na dawa ya deni kulipa. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Leo namuuliza, ingawa hanisikii: deni hilo ananidai nani? Mwaka ule haukunikopesha kitu. Saa nane usiku nilikuwa nikimgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda vya mgongo. Mchana nilikuwa nikisubiri kwenye mabenchi ya kliniki. Muda huo haukupotea, ulitumika, na kilichokwisha kutumika hakirudi mfukoni kwa sababu tu mtu mwenye kipaza sauti amekiita deni. Lakini siku ile sikuuliza hivyo. Nilinyoosha mkono nikauliza jambo dogo zaidi, kwamba nikishayaweka yote hayo kwenye ratiba, usingizi je? Akajibu kwamba usingizi ni wa watu wasio na ndoto. Watu wakacheka, nami nikacheka, ijapokuwa hadi leo sijaelewa ndoto hizo huotwa saa ngapi.

Nikarudi nyumbani na kuchora jedwali. Viporo tisa na malengo mapya sita, jumla kumi na matano, na kila moja nikalipangia saa nne kwa juma, kiwango nilichokiona kuwa cha upole. Hesabu yenyewe ni hii: 15 mara 4 ni saa 60, kazi yangu ilikuwa ikichukua saa 45, na kwenda na kurudi saa 10, jumla 115. Juma zima lina saa 168. Zinabaki saa 53, yaani chini ya saa nane kwa siku, za kulala, kula, kuoga, kufua, kumhudumia mgonjwa na kusimama kwenye foleni. Hesabu hii ya mtoto wa shule ya msingi sikuifanya Januari. Niliifanya Juni, nikiwa na matokeo ya mitihani mkononi, na nilikuwa nikisomea uhasibu.

Nisikilize kwa makini hapo kwenye mitihani, kwa maana ndipo fedha ilipoteketea. Cheti nilichokuwa nikikisomea kina masomo manane. Katika mwaka wa ugonjwa nilikosa mitihani miwili, na utaratibu wa kawaida ulinitaka nifanye mingine miwili mwezi Mei. Mtu mwenye akili zake angefanya miwili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mlipa madeni, nilijiandikisha minne: viporo viwili na miwili ya zamu yake. Ada ya mitihani hairudishwi, na ya minne kwa pamoja ilikula akiba yangu ya dharura yote, sawa na mshahara wangu wa karibu miezi miwili. Na akiba hiyo ilikuwa moja ya yale malengo matatu niliyoyatimiza katika mwaka mbaya. Yaani nililichukua lengo lililotimia nikalitumia kugharimia lililokwama. Alama za kufaulu ni 50. Nilipata 47, 44, 41 na 38. Zitazame vizuri namba hizo. Hazikuwa alama za mtu asiyejua kitu. Ni alama za mtu aliyekuwa na maarifa ya kufaulu mitihani miwili kwa raha, akayagawa kwa minne. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika nne, zikaniponyoka zote, na sijaona methali waliyoniachia watu wa aina yangu.

Hata hivyo, hasara ya ada naweza kuisimulia nikicheka. Nyingine siwezi. Tangu Agosti, daktari alipomruhusu mama kutembea nje, tulikuwa tukitoka kila jioni, yeye na mkongojo wake, tukihesabu nguzo za umeme. Siku ya kwanza tulifika nguzo ya kwanza tukarudi. Mwishoni mwa Desemba tulikuwa tumefika ya saba, na kila akiifikia aliipiga kofi kama mtu anayempiga rafiki begani. Matembezi hayo hayakuwa kwenye orodha yangu yoyote. Hakuna aliyeyapanga, yalizaliwa tu katikati ya vurugu, na ndiyo maana kwenye jedwali la rangi nne saa kumi na mbili ya jioni ilionekana tupu, nami nikaijaza kwa somo la ukaguzi wa hesabu. Juma la pili la Januari mama alikuja mlangoni mwa chumba changu, amekwisha kuvaa viatu, akauliza, "Mwanangu, leo hatuendi?" Nilimjibu kwamba tutakwenda kesho, bila kugeuza kichwa. Alisimama kidogo, kisha nikasikia mkongojo ukirudi sebuleni. Alikuja hivyo siku nne au tano, halafu hakuja tena. Tulipoanza upya Juni, alichoka kwenye nguzo ya tatu.

Kwa hiyo unaposema utafidia, jiulize utafidia kwa kukata nini. Saa hazishuki kutoka mbinguni. Kila kiporo kinachoingia kwenye ratiba kinamtoa mtu au kitu kilichokuwa kimeketi hapo kimya, na mara nyingi kinachotolewa ni kile ambacho hakijaandikwa. Hata Julius Caesar, alipokuta kalenda ya Roma imevurugika hadi miezi haiendani tena na majira, hakuibana vurugu hiyo ndani ya mwaka wa kawaida. Mwaka 46 kabla ya Kristo aliurefusha ukafika siku 445, badala ya 355 walizokuwa wamezoea, kisha Januari 1 iliyofuata akaanza hesabu mpya kabisa. Alikuwa na madaraka ya kujiongezea siku 90. Mimi na wewe tunapewa 365 na hatuna jeshi.

Yule bwana wa semina alikuwa na dawa nyingine pia, na nina hakika utaisikia Januari hii: kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, na ukiruka siku moja hesabu inarudi mwanzo. Niliiamini hadi nikaanza upya mara sita kabla Februari haijaisha. Baadaye nilitafuta ilikotoka namba hiyo. Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku zipatazo 21 kuizoea sura yao mpya. Kuizoea pua mpya ndiko kulikogeuzwa kuwa kanuni ya kuamka alfajiri na kusoma uhasibu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja moja ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula, na katika utafiti uliotoka mwaka 2009 walikadiria kwamba mtu wa katikati huhitaji siku 66, mwepesi siku 18 na mzito siku 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Tabia moja ndogo, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nikijenga kumi na tano kwa mpigo na kujihukumu kwa kalenda ya pua.

Mchangiaji mmoja hapo juu amekushauri uyagawe malengo yako kumi na matatu katika robo nne za mwaka. Nia yake ni njema, lakini hiyo ni kupanga mizigo upya ndani ya mtumbwi uleule unaozama.

Kanuni yangu ni moja, na naiandika nikijua utaiona kali: kiporo hufa tarehe 31 Desemba. Lengo la mwaka jana halivuki kwa sababu lilikuwapo mwaka jana. Kama unalipenda kwa dhati, lisimame kwenye foleni pamoja na mapya, ligombee nafasi kama mengine yote, na nafasi zenyewe zihesabiwe kwa wiki yako mbaya, si kwa wiki yako nzuri. Chukua wiki nne zilizopita, kumbuka kila siku ulifanya nini baada ya kazi na huduma za nyumbani, kisha tafuta ile wiki iliyokuwa mbovu kuliko zote uhesabu saa zilizobaki mkononi mwako. Zangu zilikuwa tatu na nusu. Hizo ndizo saa za mwaka mzima. Lengo lisiloingia humo linasubiri nje.

Nasisitiza wiki uliyoiishi, wala si wiki mbaya unayoibuni kichwani, kwa sababu hata ubaya tunaukadiria kwa wema. Mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake walichapisha mwaka 1994 walichokiona kwa wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao: kwa wastani walitabiri kumaliza kwa siku 34, walipoulizwa itakuwaje mambo yakienda vibaya kadiri inavyowezekana, wakasema siku 49, mwishowe walitumia takribani siku 56. Yaani makadirio yao ya balaa yalikuwa na matumaini kuliko ukweli. Na hao hawakuwa wametoka kwenye mwaka uliovurugika kama wewe, ambaye huenda bado unaamka usiku kusikiliza kama mgonjwa anapumua vizuri.

Katika saa zangu tatu na nusu niliweka somo moja tu. Matembezi ya jioni niliyaandika kwanza, kwa wino, kisha nikasoma saa tatu kwa juma, na wiki ikiwa nzuri nilisoma zaidi bila kuibadilisha ratiba. Novemba nilifanya mtihani mmoja nikapata 61. Cheti bado sijakimaliza; yamebaki masomo matatu, na waliokuwa darasani nami wamekwisha kukitundika ukutani. Inaniuma kidogo, hasa wanapopiga picha. Mama amefika nguzo ya tisa, na siku hizi ananilaumu kwamba ninatembea polepole.

Najua utasema hali yako ni tofauti, kwamba baadhi ya hayo manane yana tarehe za watu wengine, kama ada au mkataba. Sawa, wajibu wenye tarehe si lengo, ni wajibu. Uondoe kwenye orodha uuweke kwenye kalenda, na saa zake zitoe kwanza kabla hujahesabu zilizobaki. Utakuta zimebaki chache kuliko ulivyofikiri, na hapo huzuni itakuingia. Mimi iliniingia. Ilikaa siku mbili ikaondoka.

Kuhusu daftari au simu, andika popote utakapopaona. Jedwali langu la rangi nne lilikuwa ukutani, kubwa kama pazia, na halikunisaidia. Kuhusu kuwatangazia rafiki, mimi nilitangaza, na mwezi Juni niliulizwa matokeo na watu kumi na mmoja, kwa hiyo amua mwenyewe. Kulikuwa na swali la tatu, nimelisahau, na sirudi juu kulitafuta maana nikilisoma tena lile neno kufidia nitaandika upya haya yote.

Ukishafuta, rudi utuonyeshe orodha iliyobaki. Ila nakuonya mapema: usiyarudishe yale manane ukiwa umeyabadilisha maneno kidogo na kuyaita malengo mapya. Nitayatambua. Mimi katika yale sita yangu niliyoyaita mapya, manne yalikuwa yameandikwa hivyohivyo.