Waya ukikatwa kengele inalia. Je, ukiungwa dairekti?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Morogoro. Wanafunzi wangu wanatengeneza mfano wa kengele ya wizi ya umeme ya karne ya 19, ile iliyokuwa ikilinda sefu za mabenki kule Marekani. Tuna kabati la mbao, sefu ndogo ya kuweka ndani yake, rilei (swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme) na kengele ya volti 6. Tutabandika foili ndani ya kabati na kutumia saketi funge, yaani ile ambayo mkondo unapita muda wote, maana tumesoma kwamba saketi funge haichezewi: mwizi akikata waya, kengele inalia. Je, foili iwe na unene gani, na betri ipi inafaa?

JIBU: Mwalimu, foili na betri nitazifikia. Kwanza tuliondoe hilo la "haichezewi", kwa sababu kila anayeniandikia kuhusu kengele za wizi huja nalo, na ndilo linalowaacha watu wamelala usingizi mzito huku sefu inatobolewa.

Saketi funge inamnasa mwizi anayekata waya. Inaishia hapo. Waya wa kwenda na waya wa kurudi hutembea pamoja ukutani. Mwizi anayejua kazi anachubua kila mmoja sentimita moja, anaziunga hizo sehemu mbili kwa kipande cha waya, kisha anakata upande wa sefu kwa raha zake. Mkondo unazungukia pale alipounga, rilei inaendelea kushika, na kila kilicho mbele ya hapo, yaani foili, mlango na kabati lote, hakina ulinzi tena. Rilei yenyewe haina habari. Kwa kuwa njia ya mkondo imefupishwa, inashika hata vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Ni kweli kwamba kengele za mwanzo zilikuwa na udhaifu wa kinyume. Ile ambayo Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, aliipatia hataza mwaka 1853 ilikuwa ya saketi wazi: mlango au dirisha likifunguliwa, saketi inafunga, sumaku-umeme inatikisa nyundo na kengele inalia. Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo mwaka 1857, akaanza biashara Boston, na mwaka 1859 akahamia New York. Katika mpango wa saketi wazi, waya uliokatwa hausemi kitu. Betri iliyokufa haisemi kitu, na kontakti iliyoota kutu vilevile. Saketi funge iliponya hilo, na kwa maoni yangu faida yake kubwa iko hapo hapo: inajitangaza inapoharibika. Kumzuia mwizi mwenye koleo na kipande cha waya ni kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ilikuja pale kengele ilipotoka kwenye nyumba za watu na kwenda kulinda sefu na vyumba vya hazina. Nyaya sasa zilitoka benki, zikapita juu ya mapaa na chini ya barabara hadi kituo kikuu cha ulinzi ambako walinzi walikaa usiku kucha. Mwizi akapata mamia ya mita za waya wa kufanyia kazi bila kulikaribia jengo. Jibu lililofaa ni kuacha kuuliza "mkondo upo?" na kuanza kuuliza "mkondo ni kiasi gani?" Mwisho kabisa wa laini, ndani ya eneo linalolindwa, unaweka kizuizi (rezista) chenye ukinzani wa kiasi maalumu. Kituoni mshale wa galvanometa, yaani kipimo cha mkondo, unasimama katikati ya kontakti mbili. Waya ukikatwa mshale unaangukia upande mmoja, ukiungwa shoti, yaani wa kwenda ukigusanishwa na wa kurudi, unarukia upande wa pili, na pande zote mbili zinapiga kengele.

Mfano wenu ufuate hilo. Chukua volti 5, kizuizi cha omu 100 upande wa kituo na kingine cha omu 100 mwisho wa laini, ndani ya kabati, nyuma ya sefu. Viwe vya nusu wati. Katika hali ya kawaida laini inapitisha miliampea 25, na kwenye kiungo kati ya kizuizi cha kituo na laini utapima volti 2.5. Waya ukikatwa, mkondo ni sifuri na kiungo kinapanda hadi volti 5. Ukiungwa shoti, mkondo ni miliampea 50 na kiungo kinashuka hadi sifuri. Mita ya mshale ya miliampea 0 hadi 50 itawaonyesha wanafunzi hali zote tatu kwa macho, na ndiyo iliyo karibu na kifaa cha zamani.

Rilei ya kawaida haitambui "zaidi" na "pungufu" kwa pamoja, hivyo tumieni chipu ya LM393, yenye vilinganishi viwili ndani, kila kimoja kikilinganisha volti mbili na kusema ipi ni kubwa. Mipaka iwekeni volti 2 na volti 3, mkiitoa kwenye betri ile ile ya laini kwa ngazi ya vizuizi vya omu 20,000, 10,000 na 20,000. Mkiitoa kwenye chanzo kingine, betri ya laini ikichoka kidogo kengele italia bila sababu. LM393 yenyewe ipeni volti 9 za pembeni, na hasi zote ziunganishwe. Kengele iwe na betri yake peke yake, na rilei ya kengele ijishikilie kwa kontakti yake, ili mwizi akirudisha mlango haraka isinyamaze mpaka mtu aizime kwa ufunguo.

Kwa nini mipaka iwe mibana hivyo? Mwizi aliyesoma anaweza kuja na kizuizi cha omu 100 mfukoni, akakiunga sambamba na laini kisha akaikata. Kabla ya kukata, omu 100 mbili zilizo sambamba ni omu 50, na kiungo kinashuka hadi volti 1.67. Mpaka wa chini ukiwa volti 2, amenaswa. Ukiwa volti 1, kama baadhi ya watu wanavyoweka "ili kengele isisumbue", anapita, anakata, kiungo kinarudi 2.5 na kila kitu kinaonekana salama. Jaribio hili fanyeni darasani kwa mipaka yote miwili. Lina thamani kuliko kabati lote.

Sasa foili. Unene hauna maana kubwa, mpangilio ndio wenye maana. Ukibandika foili nzima nzima ukutani na kupitisha mkondo toka kona hadi kona, mwizi anaweza kukata tundu la kupitisha kichwa na mkondo utalizunguka tundu bila shida. Ikateni iwe njia moja ndefu inayopanda na kushuka, utepe wa sentimita 2 na mwanya wa milimita 5. Tundu lolote la kuingiza mkono litakata njia hiyo. Lakini ncha nyembamba ya keekee inaweza kupita bila kukata utepe mzima, kwa hiyo weka tabaka la pili: karatasi nzito iliyopakwa vanishi, kisha foili nyingine ya namna ile ile, hii ikienda kulia na kushoto. Tabaka la kwanza liwe sehemu ya waya wa kwenda, la pili sehemu ya waya wa kurudi. Ncha ya chuma ikizitoboa zote mbili inazigusanisha, mkondo unapanda, kengele inalia. Ukinzani wa mwisho ukae baada ya matabaka yote mawili, usikae kabla.

Foili ya jikoni ya alumini haishiki risasi ya kuchomelea. Msihangaike na gundi wala mkanda: ibaneni kwa boliti ya shaba nyeupe na washa pana pande zote mbili. Utepe wa shaba wenye gundi, kama mnaupata, unachomelewa vizuri kwenye viungo. Mkimaliza, ondoeni kizuizi cha mwisho na mpime kati ya matabaka mawili. Isipofika omu milioni 1 kuna sehemu vanishi imeachia au mbao ina unyevu. Unyevu ndio ulioziumiza kengele hizi kila mahali: waya uliovikwa pamba na kulowekwa nta unavuja mvua zikianza, walinzi wanaamshwa usiku tatu mfululizo, na usiku wa nne mtu anaizima. Mlangoni, msitegemee bawaba ipitishe umeme. Pitisheni waya laini uliosokotwa kama springi pembeni ya bawaba, na kontakti ya mlango iwe upande wa kitasa, ambako mlango unaachana na fremu kwanza.

Betri. Seli ya Leclanché, iliyovumbuliwa miaka ya 1860 na ambayo ni mzazi wa betri kavu ya tochi, ni nzuri kwa saketi wazi inayopumzika siku nzima. Kwenye saketi funge hidrojeni inajikusanya kwenye nguzo ya kaboni, volti inashuka, na rilei inaachia saa nane usiku bila mwizi yeyote. Ndiyo maana saketi funge zilitumia seli ya mrututu (salfati ya shaba, ya bluu) na zinki, ya ukoo wa seli ya Daniell: shaba chini ya chupa ndani ya mrututu, zinki imening'inia juu ndani ya maji ya salfati ya zinki, na vimiminika viwili vinatenganishwa na uzito wao tu. Kila moja inatoa takribani volti 1, kwa hiyo mtahitaji tano mfululizo. Zisisogezwe. Mstari wa bluu ukae katikati ya shaba na zinki. Ukipanda hadi kugusa zinki, shaba itajipaka juu yake na seli imekwisha. Seli hii inataka kutoa mkondo muda wote. Ikikaa bure bluu inapanda yenyewe, na hiyo ndiyo sababu nimewapa vizuizi vya omu 100. Kwa omu 1,000 hesabu za volti ni zile zile, lakini miliampea 2.5 ni kidogo mno kuishikilia bluu mahali pake. Matone machache ya mafuta juu yanazuia maji kukauka. Mrututu ni sumu: glavu zivaliwe, na mabaki yasimwagwe mtaroni wala shambani.

Hayo yanatosha kwa mfano wenu. Linaloniudhi ni kwamba kosa lile lile la saketi funge linafungwa leo, kwa fedha za watu, kwenye maduka ya sonara, ofisi za SACCOS na vibanda vya mawakala. Paneli za kisasa, yaani maboksi yanayoongoza kengele, zimeshatatua tatizo hili. Zinakuja na pakiti ndogo ya vizuizi na maelekezo kwamba kila kimoja kifungwe mwisho wa laini, ndani ya kihisi. Vishoka wanafanya nini? Wanavifunga vyote ndani ya boksi la paneli, kwenye terminali, kwa sababu ni rahisi na hakuna haja ya kupanda ngazi. Paneli inaona thamani sahihi, taa ya kijani inawaka, mteja anapeana mkono na fundi. Sasa kizuizi kinailinda paneli isilalamike na hakilindi kitu kingine. Mtu yeyote anayeweza kufikia waya juu ya dari anauunga dairekti na kuingia. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi: kengele ikilia ovyo kwa sababu ya kiungo kibovu, wanaunga shoti eneo (zoni) zima kwenye paneli na kusema "nimerekebisha".

Halafu kuna wale wanaouza kengele kana kwamba ni sefu. Kengele haizuii kitu. Inaita watu tu. Sefu inapaswa kustahimili muda mrefu kuliko watu hao wanavyochukua kufika, na kama mlinzi wako anafika baada ya dakika 40 huku sefu ni ya bati la kufunguliwa kwa dakika 10, waya wowote hautakusaidia. Wala kengele ya ukutani haimshtukii mwizi aliyepata namba halali za kufungulia sefu. Januari 1876 huko Northampton, Massachusetts, wezi walianza na keshia, nyumbani kwake usiku, wakamtesa mpaka akatoa namba za benki. Kilichohitajika pale ni kitasa cha saa, ambacho James Sargent alikuwa ameshakitengeneza mwaka 1873 na ambacho hakifunguki kabla ya saa iliyopangwa hata kwa namba sahihi. Kituo kikuu nacho kiwe na ratiba: sefu ikifunguliwa nje ya saa za kazi, hata kwa ufunguo wake, hiyo ni taarifa ya hatari.

Mwenye mfumo ukutani aupime kabla ya kumlipa fundi salio. Mwambie afungue kihisi cha mbali zaidi na kilicho karibu na sefu, ukiona kwa macho yako kama kizuizi kimo ndani. Kisha, mfumo ukiwa umewashwa na kituo kimearifiwa kwamba ni jaribio, aunge shoti nyaya mbili za eneo hilo karibu na paneli kwa sekunde mbili. King'ora kisipolia, kizuizi kiko mahali pasipo sahihi au eneo limepangwa kwenye programu kama saketi isiyo na kizuizi. Arudie kwa kukata. Mwisho zima umeme wa gridi kwenye meini swichi na uache mfumo kwenye betri usiku mzima, uurudie asubuhi na kukifanya king'ora kilie. Fundi anayekataa hata moja kati ya haya, salio abaki akilidai.