Mpigie mzazi simu siku ambayo hakuna tatizo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: tufanye nini ili wazazi washiriki zaidi katika masomo ya watoto wao? Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 23, na wanangu watatu wamesomeshwa na walimu wengine. Nimekuwa mwalimu anayeita na mzazi anayeitwa. Jibu langu linaanzia kwenye simu.

Kwa miaka mingi, nilipompigia mzazi, hata kabla hatujamaliza kusalimiana nilisikia sauti yake ikibadilika. "Mwalimu, amefanya nini tena?" Wengine waliuliza kwanza kama mtoto ameumia. Ni mimi niliyewazoesha hivyo. Nilipiga simu mtoto alipopigana, alipokosa masomo siku tatu mfululizo, alipofeli mtihani, au mchango ulipochelewa. Kisha tukiitisha kikao cha wazazi inakuja theluthi tu, nasi tunabaki katika chumba cha walimu tukilalamika kwamba wazazi wa siku hizi hawajali.

Mama mmoja ambaye hakuwahi kufika kikaoni ndiye aliyenifungua macho. Nilikutana naye getini asubuhi akimleta mwanawe, nikamuuliza kwa ukali kidogo mbona hatumwoni. Akanijibu taratibu: "Mwalimu, mimi niliacha shule mapema. Kila nikiingia humu najiona nimekuwa tena yule mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake. Na nikija, mnanisomea makosa ya mwanangu watu wote wakisikia." Sikuwa na la kusema. Huyu ni mama aliyeamka kabla ya mtoto kila siku, akahakikisha amekula, amelala mapema, ana kalamu na daftari. Kazi yote hiyo sisi hatukuihesabu. Katika rejesta yetu alikuwa mzazi asiyehudhuria.

Joyce Epstein, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, aligawa ushiriki wa wazazi katika aina sita: malezi ya nyumbani, mawasiliano na shule, kujitolea shuleni, kumsaidia mtoto kujifunza nyumbani, kushiriki katika maamuzi ya shule, na kushirikiana na jamii inayoizunguka. Natamani kila mwalimu mkuu aisome orodha hiyo kabla ya kusema wazazi wake hawashiriki. Shule nyingi hupima jambo moja tu, yaani nani amekuja kikaoni, na pengine kikao chenyewe kimepangwa saa ambayo mtu wa zamu au wa kibarua hawezi kuondoka kazini.

Baada ya maneno ya yule mama nilibadili utaratibu wangu. Kila Ijumaa mchana nilipiga simu tatu za habari njema. Darasa la watoto 42 unalimaliza kwa wiki 14. Nilijiwekea sharti moja: habari iwe ndogo na iwe ya kweli. "Anaendelea vizuri" haimwambii mzazi chochote. "Jana alimweleza mwenzake namna ya kujumlisha sehemu mpaka mwenzake akaelewa" inamwambia mzazi kwamba mwalimu anamjua mtoto wake. Simu yenyewe haikuzidi dakika tatu.

Sitasema kwamba kikao kilichofuata kilijaa. Kilichobadilika ni kwamba wazazi walianza kupokea simu zangu, na baadaye wakaanza kunipigia wao. "Mwalimu, wiki hii nyumbani kuna msiba, ukimwona kimya usimkemee." Taarifa ya namna hiyo ina thamani kwangu kuliko saini kumi kwenye karatasi ya mahudhurio. Na siku ilipobidi nimweleze mzazi jambo zito, nilikuwa naongea na mtu tunayefahamiana.

Lakini mzazi akishakuja karibu, tumwombe afanye nini? Hapa tunakosea sana. Tunamwambia "msaidie kazi za nyumbani", basi. Mwaka 2009 watafiti Nancy Hill na Diana Tyson walikusanya tafiti nyingi kuhusu watoto wa miaka ya kati ya shule, wale wanaoingia ujana. Kusaidia kazi za nyumbani hakukuonekana kuambatana na matokeo bora. Huenda sababu mojawapo ni kwamba anayesaidiwa zaidi ni yule ambaye tayari amekwama. Kilichoambatana zaidi na matokeo mazuri ni mzazi kuzungumza na mtoto kuhusu maana ya elimu, kumwonyesha kwamba anamtarajia afike mbali, na kuunganisha masomo na ndoto za mtoto mwenyewe. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, wa watoto wa darasa la kwanza na la pili, ulionyesha kwamba mzazi anayeogopa hesabu akisaidia mara kwa mara kazi za hesabu, mtoto hujifunza hesabu kwa kiasi kidogo kuliko wenzake mwaka ule, na hofu ya mzazi humwingia yeye pia.

Nilipoyajua haya nilifurahi kwa ajili ya yule mama wa getini. Aliamini hana la kumpa mwanawe kwa sababu hakusoma. Kumbe yanayohitajika hasa yako ndani ya uwezo wake. Siku hizi nawaambia wazazi: usimfundishe, mwache akufundishe. Kaa naye dakika kumi, fungua daftari, sema "nieleze hapa mlifanya nini." Hata kama husomi, utaona akisitasita, na pale anaposita ndipo pa kuniuliza mimi. Usiseme mbele yake "hata mimi hesabu zilinishinda." Mzazi husema hivyo ili kumfariji, lakini mtoto huelewa kwamba ameruhusiwa kukata tamaa.

Fikirieni pia muda wenyewe. Mwaka una saa 8,760. Mtoto anayesoma saa 6 kwa siku, siku 190 kwa mwaka, anakaa shuleni saa 1,140, yaani kama asilimia 13. Saa zilizobaki, za kulala na za kuwa macho, yuko nje ya mikono yetu walimu.

Kwa walimu wenzangu nina jambo jingine. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Tunapomkaribisha mzazi hatumfanyii hisani. Basi tuache kumwita kwenye kamati ili apige makofi tu kwa yale tuliyokwisha kuyaamua. Mzazi hutambua upesi kwamba maoni yake hayahitajiki, na harudi.

Nimalizie na daftari langu la simu za Ijumaa. Muhula ule wa kwanza kulikuwa na jina moja nililiruka wiki tatu mfululizo kwa sababu sikupata la kumsifia mtoto yule. Ilinichoma. Mtoto alikuwa darasani kwangu kila siku, nami sikuwa nimemtazama ila kwa kumkaripia. Wiki ya nne nikaamua kumtazama kwa makusudi. Jumatano mtoto mgeni alifika darasani, akawa hana pa kukaa. Yule kijana alisogea kwenye dawati bila kuambiwa, akampa mgeni nusu ya nafasi yake, kisha akamsogezea na kitabu. Ijumaa nikampigia baba yake, nikamsimulia.

"Na baada ya hapo akafanya nini?" akaniuliza.

"Hakufanya kitu kingine, baba. Nimepiga kukwambia hilo tu."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwalimu, usikate. Ngoja nimwite mama yake, umwambie na yeye."