Jibu: Utamjuaje mtumishi aliyechaguliwa na Mungu?

Dada yangu, umesema huyo mtumishi aliyeingia Masasi msimu huu wa korosho anadai kuwa asiyempa sehemu ya malipo ya mnada anampinga mpakwa mafuta wa Bwana. Fungua 1 Samweli 12. Nabii Samweli, mzee wa mvi, anasimama mbele ya Israeli yote na kuuliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nani nimemdhulumu, na rushwa nimeipokea mkononi mwa nani? Watu wakajibu hakuna. Yaani yeye ndiye aliyejiweka kikaangoni, tena mbele ya mfalme Sauli. Huyo wenu anathubutu kuuliza hivyo pale chama cha msingi cha ushirika mnakouzia korosho, wakulima wakiwa wameshika stakabadhi zao?

Halafu Daudi. Samweli mwenyewe nusura adanganywe na urefu wa Eliabu, kaka yake Daudi, akidhani ndiye aliyechaguliwa na Mungu kuwa mfalme (sura ya 16). Daudi akapakwa mafuta kati ya ndugu zake, na Sauli alipotuma watu kumwita, walimkuta bado anachunga kondoo. Hakutembea akitangaza upako wake.

Miujiza isikubabaishe. Kumbukumbu la Torati 13 inasema ishara inaweza kutimia na aliyeitoa bado akawa anakupotosha.

Ningekuwa wewe ningeulizia kwanza alikotoka. Timotheo alishuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio, ndipo Paulo akaondoka naye (Matendo 16). Huyu ametoka kanisa gani, na wazee wa huko wanamzungumziaje?