Nairobi au Kampala: dada, usilipe hiyo amana kwanza

Dada, usilipe hiyo amana ya nyumba. Umeuliza kama maisha ya Kampala ni nafuu kuliko ya Nairobi, ukabandika jedwali ulilolitoa mtandaoni lenye bei za maziwa, mchele, umeme, maji, gesi, karo, hospitali na bodaboda za miji yote miwili. Kisha chini kabisa, kana kwamba ni mambo ya pembeni, ukataja kwamba mwajiri ataendelea kukulipa kwa shilingi ya Kenya katika akaunti yako ya Nairobi, na kwamba dalali amekupatia nyumba mtaa wa Ntinda, Kampala, kwa dola 700 kwa mwezi, miezi mitatu kwa mkupuo. Wenzangu waliotangulia kukujibu humu kundini wamekukaribisha kwa upole na kukusifia matoke, zile ndizi za kupika. Mimi nitakukaribisha siku nyingine, kwa sababu hayo mambo mawili ya pembeni ndiyo yaliyonitoa jasho mwaka mzima, na jedwali lako halina hata mstari mmoja unaoyagusa.

Nilivuka mpaka wa Busia Januari 2023 nikiwa na jedwali kama hilo. Nilikuwa nimelichapisha na kulipaka rangi, kijani pale Kampala iliposhinda na nyekundu pale iliposhindwa, na kwa kuwa ndizi, parachichi, nanasi na mboga za majani kila moja ilikuwa na mstari wake, karatasi nzima ilionekana kama shamba la Masaka baada ya mvua. Kodi ya nyumba ilikuwa na mstari mmoja tu. Huo ndio ulaghai wa majedwali haya: mstari wa nanasi na mstari wa kodi vina unene ule ule kwenye karatasi, ilhali mmoja unakula theluthi ya mshahara na mwingine unaliwa Jumapili baada ya pilau.

Nyumba yenyewe ilikuwa Bukoto, vyumba vitatu, tangi la maji juu ya dari, dola 650 kwa mwezi, ikilipwa kila baada ya miezi mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Dola siku zile ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya, kwa hiyo nilipiga hesabu ya 80,600 kwa mwezi kutoka katika mshahara wa 230,000 baada ya makato, nikaona kwamba naweza. Nilitia sahihi mkataba wa miaka miwili nikitabasamu. Kalamu ilikuwa ya dalali, nayo ndiyo kitu pekee ambacho hakunidai.

Sasa fuatana nami polepole, kwa sababu hapa ndipo pesa zilipokwenda. Malipo ya kila robo mwaka yalikuwa dola 1,950, na hayakubadilika hata mara moja. Januari yalinigharimu kiasi cha shilingi 241,800. Katikati ya Aprili dola ilikuwa imefika kama 134, nikatoa 261,300, nikajiambia kwamba ni upepo tu utapita. Julai ilikuwa kama 141, nikatoa karibu 275,000, na tukaacha kununua samaki wa Jumamosi. Oktoba dola ilikuwa kama 149, nikatoa zaidi ya 290,000, na wakati huo mke wangu alikuwa ameshaliondoa lile jedwali la kijani kwenye mlango wa friji bila kusema neno, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angesema. Ongezeko la robo hizo tatu pekee lilipita laki moja, na sijakuhesabia kwamba benki yangu iliniuzia dola kwa bei ya juu kuliko ile iliyotangazwa kila asubuhi.

Utauliza kama sheria haikunilinda. Ipo Sheria ya Uganda ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, na inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mama mwenye nyumba wangu hakupandisha hata senti, na ni mcha Mungu asiyeweza kuvunja sheria. Sheria hiyo hiyo inataka kodi iandikwe na ilipwe kwa shilingi ya Uganda isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Sasa ni nani aliyekubaliana vinginevyo, kwa kalamu ya kuazima? Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa inagonga 160, kodi yangu imepanda karibu asilimia 30 kwa pesa ninayoipata, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amenikosea.

Oktoba ile nitaikumbuka. Nilikuwa nimekusanya dola kwa shida, nyingine noti za mia, nyingine za ishirini na za kumi kutoka kwa rafiki aliyekuwa na salio la safari. Mama mwenye nyumba alikaa barazani, akavaa miwani, akaziinua noti juani moja moja. Zile za mia mpya akazipanga kulia. Za kumi akazisogeza kushoto kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetenga mawe kwenye mchele. Moja ilikuwa na alama ya kalamu pembeni. “Ssebo (yaani bwana), hizi kule mjini wananipunguzia,” akasema kwa upole kabisa, na alisema kweli, kwani maduka ya kubadilishia fedha hununua noti ndogo na noti za zamani kwa bei ya chini. Ilinibidi nipande bodaboda hadi mjini, nibadilishe noti ndogo kuwa kubwa kwa hasara, nirudi. Hiyo safari ya bodaboda haimo kwenye jedwali la mtu yeyote.

Nataka kusema neno juu ya dalali wangu, maana nimesoma kwamba wako amekwambia kodi ya dola ni “kwa usalama wako”. Wangu alitumia maneno hayo hayo, mpaka nikajiuliza kama wanafundishwa darasa moja. Alinieleza kwamba shilingi zote za huku kwetu huyumba na kwamba dola ni nguzo. Hakudanganya. Alisahau tu kusema kwamba nguzo humfaa aliyefungwa nayo, yaani mtu anayelipwa kwa dola, na kwamba kwa mtu anayelipwa kwa shilingi inayozama nguzo hiyo ni ya kugongea kichwa. Alichukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, akaniombea baraka, akatoweka. Pia kulikuwa na mwanachama mmoja humu, sitamtaja, aliyeniandikia kwa uhakika wote kwamba Kampala ni nusu ya Nairobi. Nilipomuuliza baadaye analipwa kwa pesa gani, alijibu kwamba yeye ameajiriwa na mashirika ya Ulaya. Ndugu yangu, si ungeanza na hilo?

Na hayo majedwali ya mtandaoni yana kichekesho chake. Lako linasema bei ya nyumba “katikati ya jiji”. Katikati ya Kampala ni wapi? Ukisema Nakasero utakutana na balozi na bei zao. Ukishuka mteremko kidogo uko Kisenyi, kwenye vinu vya kusaga mahindi na vibanda vya bati. Wastani wa sehemu hizo mbili ni nyumba ambayo haijajengwa.

Mwisho wa hadithi yangu ni mbaya zaidi, kwa sababu nilijimalizia mwenyewe. Januari 2024, kodi ikiwa sawa na 104,000 kwa mwezi, karibu nusu ya mshahara, nilishikwa na hofu nikavunja mkataba bila kutoa notisi ya miezi mitatu, nikahamia Kira kwenye nyumba ya vyumba viwili. Amana ya dola 650 ikabaki Bukoto, kihalali kabisa. Februari Serikali ya Kenya ikauza hati fungani mpya ya kimataifa ya dola bilioni 1.5 ili kushughulikia deni la ile ya zamani iliyotakiwa kulipwa Juni, wasiwasi wa soko ukapungua, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131. Nilihesabu kwamba nilikimbia mvua zikiwa zimebaki wiki chache ianuke. Ukijumlisha ongezeko la kodi na amana, zilikwenda zaidi ya 205,000 za Kenya, bila gari la kuhamisha vyombo wala kabati lililovunjika mguu pale Kireka.

Sasa, usije ukasema, “Basi nitatafuta nyumba ya shilingi ya Uganda na mambo yatakwisha.” Jirani yangu wa Bukoto, naye Mkenya, alikuwa na mkataba wa shilingi ya Uganda, milioni 2 na laki 4 kwa mwezi, na nilimwonea wivu hadi tulipokaa tukapiga hesabu. Alipokuja, shilingi moja ya Kenya ilimpa karibu 30 za Uganda. Mwaka mmoja baadaye ilimpa chini kidogo ya 24. Kodi yake ilitoka kama 80,000 za Kenya ikavuka 100,000. Aliumia karibu sawa na mimi, isipokuwa hakuhesabiwa noti barazani. Nilichokosea mimi si dola. Nilichokosea ni kuacha pesa inayoingia iwe ya nchi moja na pesa inayotoka iwe ya nchi nyingine, kisha nikashinda nalinganisha bei ya nanasi.

Kwa hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, pesa inayoingia na pesa inayotoka ziwe za jina moja. Rudi kwa mwajiri wako kabla hujatia sahihi, umwombe akulipe kwa shilingi ya Uganda au kwa dola. Akikataa, mwombe kifungu kinachosema kwamba mshahara utarekebishwa kila miezi mitatu kwa kufuata kiwango cha kubadilishia dola cha Benki Kuu ya Kenya, na kitajwe kiwango cha siku ya kuanzia. Hata hilo akikataa, mwombe angalau alipe kodi ya nyumba yeye mwenyewe moja kwa moja, wewe upokee kilichobaki. Utaniambia kwamba tangu katikati ya mwaka 2024 shilingi ya Kenya imetulia karibu na 129, hivyo hakuna haja ya kuwasumbua. Ilitulia hivyo hivyo karibu na 100 kwa miaka, kuanzia 2016 hadi 2019, na sisi sote tulidhani imeoa.

Uliuliza pia kuhusu chakula na umeme. Chakula cha sokoni ni nafuu, hilo ni kweli: nenda Nakawa au Kalerwe, nunua mkungu mzima wa matoke badala ya vichane vya duka la karibu, na ukiambiwa posho usidhani ni mgao wa kazini, ni ugali. Umeme ni wa kulipia kabla, wenyewe wanauita Yaka, na mwaka 2023 uniti 15 za kwanza za mwezi ziliuzwa kwa shilingi 250 za Uganda kila moja, kisha bei ikapanda kama mara tatu. Mwezi wangu wa kwanza nilinunua tokeni mara mbili kwa kiasi kile kile, nikapata uniti chache mara ya pili, nikamgombeza kijana wa dukani bure. Lakini hata hayo, dada, nilikuwa nayalipa kwa ile shilingi iliyotoka 30 ikawa 24, kwa hiyo matoke yaliyokuwa nafuu Januari yalikuwa yamepanda kwangu hata pale ambapo muuzaji hakuongeza kitu. Unaona tunavyorudi pale pale.

Kesho asubuhi mwandikie mhasibu wenu, si dalali. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anayeitaka nyumba hiyo na yuko njiani; mteja wa dalali wangu alikuwa njiani kwa wiki mbili, sijui alitokea Juba kwa miguu. Mkataba wa kazi ukirudi, niandikie hapa kile kifungu cha mshahara neno kwa neno, nikusomee. Yule dalali wangu bado ananitumia picha za nyumba kila mwisho wa mwezi. Ya juzi ilikuwa Bugolobi, dola 800, ina baraza pana.