Swali la lugha: "Kimelea huyu" au "kimelea hiki"?

Swali: Ninahariri makala ya sayansi kuhusu nyigu anayetaga mayai ndani ya miili ya viwavi. Mwandishi ameandika "kimelea hiki kimetambuliwa" katika aya moja, "kimelea huyu ameainishwa" katika aya nyingine, na "spishi huyu" mahali pengine. Upatanisho upi ni sahihi? Na je, kutambua na kuainisha ni kitu kimoja?

Jibu: Nianze na spishi, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Spishi ni jina la ngazi ya uainishaji, si jina la mdudu, na kwa hiyo nomino hiyo hufuata ngeli ya I-ZI: spishi hii imeelezwa, spishi hizi zinafanana. Tunasema "familia hii imehama" ingawa waliohama ni watu, na mantiki ni ile ile. Jenasi, oda na familia za wadudu, ambazo ni ngazi nyingine za uainishaji, huenda hivyo hivyo. "Spishi huyu" ni kosa la kusahihishwa kila linapotokea, lakini mara tu sentensi inaporudi kwa mdudu mwenyewe, upatanisho nao urudi kwenye A-WA: "Spishi hii inapatikana Afrika Mashariki, nyigu jike hutafuta kiwavi, humdunga, kisha huendelea na safari yake." Mhariri makini atauona mpaka huo ndani ya sentensi moja.

Kimelea linahitaji maelezo marefu zaidi. Kanuni inayojulikana ni kwamba nomino inayotaja mnyama huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Kiwavi anakula majani, kipepeo ametua, kiroboto huyu, buu huyu na mabuu hawa. Hapa kiambishi cha nomino hakina nguvu juu ya kitenzi. Ugumu ni kwamba kimelea si jina la mnyama fulani. Neno hili limetokana na kitenzi melea, yaani kumea juu ya kitu kingine, nalo hutaja namna ya kuishi, iwe ya mmea, ya kiumbe cha seli moja au ya mdudu. Ndiyo maana "vimelea vya malaria vinaenezwa na mbu" ni sentensi iliyokwisha kukubalika, wala sioni sababu ya kuibadilisha: viumbe hivyo havionekani kwa macho matupu, na matumizi yameviweka katika KI-VI. Nyigu hayuko katika hali hiyo. Ana miguu sita, anaruka, anachagua mahali pa kutaga, na msomaji anamwona kama mdudu kamili. Kwa hiyo katika makala yako ningeandika "kimelea huyu", na pia "kimelea wa viwavi" badala ya "kimelea cha viwavi". Bora zaidi, tanguliza jina la mdudu na uliache neno kimelea lifanye kazi ya kueleza: "nyigu kimelea huyu hutaga", "nyigu vimelea hawa hutaga". Nomino inayoongoza ikiwa nyigu, shaka yote ya upatanisho huondoka.

Kuna jambo la maana pia ambalo makala haipaswi kuliruka. Kimelea wa kawaida, kama tegu au chawa, hufaidika mwenyeji wake, yaani kiumbe anayemtegemea, akiendelea kuishi. Nyigu wa aina hii humwua mwenyeji: mabuu hula ndani ya mwili wa kiwavi hadi wanapokomaa. Wataalamu humwita kiumbe wa namna hiyo parasitoidi, na neno hilo linafaa kutumika baada ya kufafanuliwa mara moja tu.

Kutambua na kuainisha ni vitendo viwili. Anayetambua ana kielelezo, yaani mdudu aliyekusanywa, mkononi na anauliza huyu ni yupi kati ya wanaojulikana. Chukua familia mbili za nyigu zinazochanganywa mara nyingi, Ichneumonidae na Braconidae. Mtambuzi huliweka bawa la mbele chini ya hadubini na kutazama mishipa miwili midogo inayokatiza katikati ya bawa: kwa kawaida Ichneumonidae wana yote miwili, na Braconidae wana mmoja au hawana kabisa. Akisema "huyu ni wa Braconidae", ametambua. Anayeainisha hafanyi kazi ya mdudu mmoja. Hupanga makundi, akiamua spishi fulani iwe katika jenasi ipi, na jenasi hiyo katika familia ipi. Kwa hiyo "nyigu huyu ametambuliwa kuwa Cotesia flavipes", lakini "spishi hiyo imeainishwa katika jenasi Cotesia". Utaona kwamba kitenzi cha kwanza hupenda kiumbe na cha pili hupenda kundi, hivyo uteuzi wa kitenzi na uteuzi wa upatanisho huenda pamoja.

Kitenzi cha tatu, kueleza, kinastahili kutumika kuliko kinavyotumika sasa. Waandishi wengi huandika "spishi mpya imegunduliwa mwaka 2017" wanapokusudia kwamba maelezo rasmi na jina vilichapishwa mwaka huo. Cotesia icipe, iliyopewa jina la taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe iliyoko Nairobi, ilielezwa mwaka 2017. Nyigu wenyewe walikuwapo siku zote.

Kwa kuwa unahariri, angalia pia majina ya kisayansi. Jenasi huanza kwa herufi kubwa na jina la pili kwa herufi ndogo daima, na yote mawili kwa herufi za mlazo. Katika Cotesia sesamiae, jina la pili limetokana na Sesamia, jenasi ya nondo ambao viwavi wao hutoboa mashina ya nafaka, na bado huandikwa kwa herufi ndogo. Ukikuta Cotesia sesamiae (Cameron, 1906), usiyaondoe mabano kwa kudhani ni pambo. Yanamwambia msomaji kwamba mtaalamu Cameron aliieleza spishi hiyo katika jenasi nyingine, Apanteles, na kwamba ilihamishwa baadaye.